Boksi la Kumsikia Baba

Magomeni Mikumi,
Dar es Salaam.
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Kwako dada Zulekha,

Shikamoo dada. Najua umeitikia hapo ulipo, maana hujawahi kuninyima marahaba hata siku nilizokukosea. Shemeji Shukuru mguu wake unaendeleaje? Ulipoondoka siku ya tano baada ya mazishi ulikuwa na haraka ya kwenda kumuuguza, na mama hadi leo anauliza kama jeraha limekauka. Watoto nao wanaendeleaje na shule? Sisi huku miili ni mizima. Mke wangu Najma anakusalimu sana na anasema zile korosho ulizotuma zimeisha, usije mikono mitupu. Mama anakula, analala, na siku hizi anacheka. Dada, kicheko chake hicho ndicho kinachonitisha.

Usishangae kupata karatasi wakati simu zipo. Ujumbe wa simu mtu anaweza kuufuta kabla haujasomwa, na mimi siku hizi sijiamini mbele ya kitufe. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Lindi kwa mkono wangu, nisimame hadi liondoke.

Nilikueleza kwa simu habari ya flashi, lakini nilikueleza juu juu. Wiki moja baada ya wewe kuondoka, Evelyn, yule nesi mpangaji wetu wa chumba cha mbele, alimjia mama akiwa na flashi imefungwa kwenye leso. Akasema baba, siku nne kabla hajafariki, alimwomba aegeshe simu yake juu ya stuli, abonyeze kurekodi, kisha atoke nje na afunge mlango. Baadaye alimwagiza aitie ile video kwenye flashi, aifute kwenye simu, asiitazame, na asimpe mama hadi wageni wa msiba watawanyike. Evelyn alifanya yote kama alivyoagizwa. Unamjua yule, ukimwambia usitazame hatazami.

Jioni ile tuliichomeka flashi kwenye TV, mama, Najma na mimi. Baba akatokea. Amekaa kitandani, kavaa ile kanzu yake ya rangi ya maziwa, anatutazama. Mdomo unacheza, sauti hakuna. Najma akaongeza sauti hadi mwisho, wapi. TV iliandika kwamba sauti ya aina ile haiitambui. Tukamtazama baba dakika tisa nzima anasema na sisi hatusikii. Kuna mahali alinyoosha kidole akaonyesha ukuta, halafu dari, halafu akafuta macho. Mama alikuwa amesogea karibu kabisa na kioo akimsoma midomo, mara akageuka akasema hapo kakutaja wewe, kasema Zulekha. Sikulala vizuri siku ile, na sikujua kwa nini.

Najma alitaka tujaribu kwenye simu yake, mama akakataa katakata. Alisema maneno ya marehemu hayasikilizwi na mmoja mmoja kwa kujificha, wala hayapelekwi dukani wakayasikia watu baki. Yatasikilizwa siku ya arobaini, baada ya hitma, hapa nyumbani, watoto wote wawili mkiwepo. Akaniambia mimi niko Kariakoo kila siku, nitafute kile kiboksi kinachowekwa kwenye TV, kitakachotoa sauti ya baba, na arobaini ikipita kimchezeshee mawaidha na tamthilia zake za mtandaoni. Kisha akaiweka flashi kwenye kopo lake la udi, kopo akaliweka juu ya kabati.

Basi dada, mimi ninayeuza mashuka na mapazia nikawa mwanafunzi wa maboksi. Duka la kwanza walinipa kijiti chembamba, kizuri, nikakaribia kukinunua, kumbe hakina hata tundu la flashi. Hicho ni cha mtandao tu, bando likikata na chenyewe kimekufa. Duka la pili jamaa alikuwa na boksi lenye stika kila upande, akaniapia linacheza kila kitu hadi mkanda wa harusi ya babu yangu. Jirani yake akanikonyeza. Alipolifungua kwenye TV, kumbukumbu iliyoandikwa nje na iliyomo ndani zilikuwa habari mbili tofauti. Bei yake ilinivutia lakini nikakumbuka rahisi huvunja upishi, nikaondoka.

Duka la tatu, Mtaa wa Aggrey, ndiko nilikomkuta Anuari. Ni mtu wa makamo, mpole, hasifii mali yake. Nilipomweleza picha inaonekana na sauti haipo, akasema shida si TV wala flashi, sauti imerekodiwa kwa namna ambayo si kila chombo kinaifahamu, na boksi linaloonyesha vizuri vya mtandaoni laweza kuwa bubu kwa video ya kwenye flashi. Alikuwa nayo matatu ambayo huenda yangefaa. Akanionya nisinunue kwa maneno. Nilete video yenyewe, tujaribu hapo hapo, kwa sababu mali ikishatoka dukani kwake hairudi. Unajua desturi ya Kariakoo.

Kwa hiyo nililipanda kabati mama akiwa kwenye hitma ya jirani. Nilijiambia ni dakika mbili tu. Kwa Anuari boksi la kwanza lilikuwa bubu. La pili likatoa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya baba, anapiga bismillahi kama anataka kula. Nikamwambia Anuari basi, yatosha, nikazima, nikalilipia boksi, nikarudi na flashi kopo lisijue kama liliguswa. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Najma. Mama sikumweleza kitu.

Siku chache zilizofuata nilikuwa mkali nyumbani bila sababu. Najma aliniuliza nina nini, nikamjibu joto. Nilikuwa nazunguka nyumba hii vyumba sita, nashika milango, nashika ukuta wa ukumbini pale tulipokuwa tunapimwa urefu na baba. Wapangaji wakinisalimu naitikia puani. Mama yeye alishaanza kualika watu. Kila aliyepita barazani aliambiwa Jumamosi ya arobaini mzee atasema nasi.

Alhamisi iliyopita, saa kumi kasoro, nilifunga boksi kwenye TV. Nikaliweka kwa Kiswahili, maana mama Kiingereza hakijui na hilo litakuwa lake. Mama akashusha kopo mwenyewe, akanipa flashi, akasema tuhakikishe tu kama boksi linaiona, tusifungue. Nikachomeka. Ikaja karatasi nyeupe kwenye kioo, kwa Anuari sikuiona kwa kuwa remoti alishika yeye, imeandikwa kwamba kifaa kipya kimeunganishwa, ili kukitumia, umbiza.

Dada, mimi Kariakoo nimesikia kufomati maisha yangu yote. Mtu akikwambia flashi yako ifomatiwe unajua kila kitu kinaondoka, hata mtoto anajua. Umbiza sijawahi kulisikia mdomoni mwa mtu. Mama aliyekuwa anajifunga kanga ya kuswalia aliniuliza wameandika nini, nikamsomea. Akafikiri kidogo, akasema kuumbiza si ndiyo kuumba, basi na liumbe, huenda ndiyo namna ya kuirudisha ile sauti. Nikabonyeza. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, mama akaingia chumbani kwake kuswali.

Watu wakija kuniuliza, hapo ndipo ninapoweza kuishia. Naweza kusema ni neno, ni hao walioandika Kiswahili cha kwao, na ni mama aliyesema liumbe. Kila mtu atanihurumia. Mama mwenyewe atabeba kosa na ataomba radhi kwa watu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu imefika hapa. Huko juu nimekuandikia kwamba dukani kwa Anuari nilizima. Sikuzima. Nilisikiliza dakika zote tisa, nimesimama mbele ya meza yake, na Anuari kapunguza sauti kwa adabu lakini hakuondoka, na yeye alisikia.

Na Alhamisi ile boksi halikuishia kwenye neno moja. Baada ya mimi kubonyeza, lilileta karatasi ya pili. Hiyo ilikuwa Kiswahili cha kila siku. Iliandika kwamba vyote vilivyomo kwenye kifaa hiki vitafutwa na havitarudi, una uhakika? Chini yake Hapana na Ndiyo. Nilielewa hapo hapo umbiza ni nini. Alama ilikuwa imekaa kwenye Hapana, wala sikuhitaji kufanya lolote zaidi ya kubonyeza. Namsikia mama nyuma ya ukuta anapiga takbira. Nikaisogeza alama kwenye Ndiyo. Sikuteleza. Nikabonyeza, nikatazama hesabu inapanda hadi mia, na boksi likaniandikia kifaa chako kiko tayari.

Sasa nakuandikia alichosema baba, kama nilivyokisikia, na Mungu ni shahidi kwamba sipunguzi. Alisema nyumba hii ya Magomeni si yake na haijapata kuwa yake. Aliijenga mama yako, marehemu Mwanahawa, kwa biashara yake ya mchele, na baba kazi yake ilikuwa kusimamia mafundi. Alipokuwa anakata roho alimwachia baba iwe amana yako, wewe ukiwa na miaka minne. Baba aliandikisha jina lake kwenye karatasi akisema ukikua atabadilisha. Ukakua, akaona haya kumweleza mama yangu ambaye alikwisha kuingia humu kama bibi wa nyumba, akasema mwakani. Ukaolewa, akasema mwakani. Alisema isigawiwe kama urithi, kwa sababu mtu harithishi kisicho chake. Akakuomba radhi kwa jina lako, na akakuomba mama yangu asitolewe kwa ghafla. Mimi aliniagiza nikukabidhi mwenyewe. Alisema ananiachia mimi kazi hiyo kwa sababu namshinda yeye kwa moyo, mimi si mwoga.

Nilisikia hayo na kitu cha kwanza nilichofikiri ni tutalala wapi. Sikukufikiria wewe hata kidogo. Nimekuona ukija hapa miaka yote unalala kwenye godoro la wageni, unamwomba mama yangu ruhusa ya kuchukua ndoo.

Jana nilikwenda kwa Anuari. Nilikuwa nimekusudia kumwomba aje Jumamosi aseme alichosikia. Kabla sijafungua mdomo alinivuta pembeni, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye hakusikia kitu. Akasema dukani kwake mambo ya watu yanaingia na kutoka, na wazee wakikaribia kufa wanasema mengi ya kuwagombanisha watoto. Akanipa na betri mbili za remoti, bure. Aliamini ananifanyia wema. Na mimi dada, badala ya kumwambia shida yangu, nilimshukuru. Nilitoka pale moyo mwepesi, nikafika hadi mtaa wa Gerezani kwa miguu ndipo nikaona nimefanya nini tena. Ukimwendea wewe, na ukamwekea msahafu mbele yake, huenda akasema kweli, maana msikitini nimemwona.

Mama hajui. Kila asubuhi anapangusa vumbi kwenye boksi, na flashi ameirudisha kwenye kopo. Jana ameagiza mchele wa arobaini, akamwambia Evelyn akae mbele siku hiyo kwa kuwa yeye ndiye aliyetuletea. Wote watakaa hapa ukumbini, na nitapewa remoti mimi, mtoto wa kiume. Nitachomeka, na patakuwa hamna kitu. Watanigeukia, na lile neno umbiza ninalo tayari mdomoni.

Kwa hiyo njoo Ijumaa, usingoje Jumamosi, na barua hii uishike mwenyewe, usimpe mtu. Nimeiandika kwa mkono wangu na jina langu nimeliandika kamili ili nisiweze kuikana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji ni wewe, na sisi ndio tunaosubiri kupona. Ukiingia mlangoni na karatasi hii mkononi nitasema mbele ya watu wote, mbele ya mama. Lakini usipokuja, dada, najijua. Nitanyamaza kama baba.

Msalimie shemeji, umwambie namwombea mguu wake. Wanangu wapokee salamu za mjomba wao, kila mmoja kwa jina lake. Nisamehe kama utaweza, na kama hutaweza, njoo hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako wa baba mmoja,

Nurdin Selemani Mkuti.