Bia ya Marekani kwa Bei ya Kutupa

Shangazi, shikamoo. Huku Leeds mvua haiishi, ila mimi mzima.

Jana supamaketi nimekuta bia za Marekani, zile za viwanda vidogo, zinauzwa bei ya kutupa. Zimevuka bahari nzima, halafu ni rahisi kuliko bia ya hapa hapa! Nikanunua makopo mawili, nikamgongea jirani, mzee wa Kizungu ambaye tangu nihamie tunapungiana mikono tu.

Nikafungua kopo lake, nikaonja kwanza, nikampa kwa mikono miwili, kama unavyofanya wewe ukimkaribisha mgeni dengelua yako ya miwa. Akanikodolea macho. "Mbona umekunywa yangu?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza kwamba kwetu Upare mwenyeji huonja mwanzo, ili mgeni ajue pombe haina sumu. Akacheka, akanywa. Bia yenyewe chungu kama mwarobaini, inanukia maganda ya machungwa.

Leo jioni kanigongea yeye, kashika kopo. Kalifungua, kaonja, kanipa kwa mikono miwili.

Mungu akutunze, Shangazi. Ukifungua dengelua ya Krismasi, nionjee na mimi.

Mwanao, Nakijwa