Rubisi ya Ukweni

Izimbya

Edvina dada yangu,

Huku wazima, ng'ombe kazaa. Nasikia mwanao Mwesiga anakwenda kuposa, na rubisi, pombe yetu ya ndizi ya kupeleka ukweni, umempa yule mkamuaji mwingine, Mushumbusi, akamue. Mimi kaka yako, ambaye hata mapadri humaliza kibuyu changu, nimeambiwa na muuza chumvi! Na Jumapili ulikula kwangu, ukasema, "Kaka, sina habari."

Kweli, ile ya Pasaka iliharibika. Mtama wa kuichachusha sikuukaanga ukaiva, na mliponiambia nikabisha. Tangu hapo nimekamua mara tatu. Hii ya mwisho haina mfano. Ungeniambia usoni ningefoka, halafu ningetengeneza.

Jumamosi, kabla hamjaondoka, nakuja na kibuyu. Onja zote mbili, useme ipi iende. Ukisema ya Mushumbusi, nitaibeba mimi mwenyewe kichwani.

Kaka yako, mkamuaji,
Kahangwa