Nilichokiona Siku ya Kukuosha

Shangazi,

Asalaam aleikum. Najua walio makaburini husalimiwa kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua, hata kuagiza sukari dukani nilikuwa nanong'ona. Kwa hivyo naandika. Nilianza kwa Kiingereza cha shule, ikatoka kama ripoti ya maabara. Kwa Kiswahili angalau naweza kuona aibu vizuri.

Ni miezi saba sasa. Siku hizi Mama ndiye anapima maziwa ya ngamia pale mlangoni, na wateja wanalalamika hajui kuwatania kama wewe. Chumba chako hapa Bulla Pesa amepanga mwalimu. Mimi nimefika miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo.

Siku ya kukuosha, Mama alisema nimekuwa mkubwa, nije nimwage maji. Shuka lililokusitiri likateleza kidogo, nikaona mabaka chini kabisa ya tumbo, meupe kama karatasi. Nililirudisha haraka. Mama akaniangalia, akasema, "Unachokiona hapa kinabaki hapa." Mwosha hasemi. Hata yeye na mimi hatujawahi kuliongea.

Halafu mwezi uliopita nikaona langu. Baka moja, dogo kama kifungo cha shati, mahali palepale. Haliwashi, haliumi. Limekaa tu.

Nisamehe, Shangazi. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba umeniambukiza. Nilikumbuka yale maji yaliyonirukia miguuni. Nikakumbuka leso yako ya njano, ile niliyoirithi. Nikatafuta kwenye simu, ikaniletea kaswende na mengine ambayo sikumaliza kusoma, na mimi hata mkono wa mvulana sijashika! Leso nikaichoma nyuma ya choo pamoja na takataka. Mama alipouliza nikasema imeibwa kwenye kamba. Leso yako, Shangazi. Nimeichoma.

Lakini unanijua, ulizoea kuniambia, "Wewe mtoto, ulitoka tumboni ukiuliza." Woga ulipochoka, maswali yakabaki. Kama ni ugonjwa wa zinaa, mbona ulikaa miaka yote hiyo ukibeba mitungi bila kuugua? Kama ni maji, mbona Mama, aliyekuosha kwa mikono yake, hana kitu? Nikaenda kliniki. Nilipita ule mlango mara tatu kama mtu aliyepotea, ya nne nikaingia.

Sista wa pale ni mama mmoja Mturkana, sauti yake ya mnadani. Nikajua leo nitatangazwa hadi Burat. Kumbe akishafunga pazia ananong'ona kuliko mimi. Kabla ya kuangalia aliniomba ruhusa. Akapima damu. Kaswende hakuna, HIV hakuna. Akasema inaonekana ni mbalanga, atanituma kwa daktari wa ngozi athibitishe. "Ni rangi ya ngozi imetoka tu, mama. Haiambukizi. Haitoki kwa mwanamume, wala choo, wala nguo ya mtu."

Wala nguo ya mtu. Nilitaka kulia.

Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwingine?"

Nilikuona tena pale kwenye ubao wa kuoshea, na Mama ananiangalia. Sista akasema wakati mwingine inafuata ukoo, inasaidia kujua, na jina hataandika. Nikamwambia, "Ndiyo. Dada ya baba."

Ni hilo tu nililotoa. Lakini nimelitoa, na tangu siku hiyo najiuliza kama nimekukosea.

Najiuliza na mengine. Uliolewa Kulamawe, ukarudi wiki ya pili na sanduku lako, ukasema tu, "Hatukuelewana." Ni hili? Mume wako aliliona akafikiria ulikuja na ugonjwa? Na wewe ulimwamini? Taulo yako ulikuwa unaianika peke yake, mbali na zetu, tukakucheka, tukakuita Bi Usafi. Ukacheka na sisi. Shangazi, ulikuwa unatukinga? Miaka yote hiyo ulikuwa unatukinga na kitu ambacho hakiambukizi mtu?

Hakuna wa kunijibu. Hilo ndilo linaniuma kuliko baka lenyewe.

Leso siwezi kuirudisha. Nitamwambia Mama ukweli wake, na nitamwambia alichosema sista, kesho baada ya kupima maziwa ya asubuhi. Najua atanikata, "Mwosha hasemi." Nitanong'ona, lakini nitaendelea. Mengine yako niliyoyaona siku ile nitazikwa nayo, hiyo nakuahidi. Hili nitalisema. Mwosha anaficha aibu ya maiti, na hii, Shangazi, haikuwa aibu.

Mungu akupanulie hapo ulipo.

Mtoto wa kaka yako,
Rukia