Kwa Bwana Mapema, Aliyejifunza Kusubiri Filimbi

Mwaka mzima umekatika, Baba Watoto, tangu tulipotoka hospitali bila wewe, tumebeba mfuko wenye taulo lako na ile miwani ya kuogelea uliyokataa tuiache nyumbani. Mimi mkeo ndiye ninayeandika. Wanao na dada yako wamesimama nyuma ya kiti changu, wananichungulia begani na kunisahihisha, kwa hiyo ukiona mahali nimetia chumvi, ujue ni dada yako.

Tunakukumbuka ukiwa fundi wa majokofu. Karakana yako nyuma ya nyumba bado ina majokofu yasiyo na milango na milango isiyo na majokofu, na hakuna kati yetu anayejua kipi ni cha nani. Wenyewe wakija tunawaambia wachague. Hukuwahi kumkaripia mteja, hata yule mwenye bucha aliyekuwa akikupigia simu kila jokofu lake likikohoa. Ulimjibu, "Nakuja, mkuu, usilifungue fungue," na ulikwenda kweli, hata siku ya mapumziko.

Tunakukumbuka pia ukiwa mwogeleaji, ingawa hapo ndipo presha zetu zilipokuwa zikipanda.

Ulijifunza kuogelea ukiwa mtu mzima, una ndevu na watoto, baada ya daktari kukuambia kuwa mgongo wako unahitaji maji kuliko vidonge. Tulidhani utakwenda bwawani mara mbili tatu uchoke. Badala yake ukaanza kushindana na watu wazima wenzako, wale wanaoogelea kwa mapenzi tu: mwalimu mstaafu wa hesabu, daktari wa meno, na yule muuza saruji mwenye kitambi ambaye majini alikuwa mwepesi kuliko nyote. Kisha bwawa la manispaa likakosa mtu wa kuwafundisha watoto, nawe ukanyoosha mkono. Uliwaita vyura wako. Wao walikuita Kocha ukiwa mbele yao, na ukiwapa mgongo walikuita Bwana Mapema. Kwa jina hilo hukuonewa.

Kwa anayesoma na hakukujua, ngoja nieleze kidogo, wewe nivumilie. Kwenye mashindano waogeleaji hupanda vibao vya kuanzia. Mwamuzi anasema, "Tayari." Wanainama, wanashika ukingo wa kibao, na kuanzia hapo hakuna kutikisika mpaka filimbi ilie. Anayetangulia filimbi huachwa aogelee mpaka mwisho kama wenzake, asijue lolote. Akishika ukuta na kuinua uso, ndipo anamwona mwamuzi ameinua mkono kuelekea njia yake. Hapo ameshaondolewa, hata kama amefika wa kwanza.

Wewe ulitangulia filimbi kila mara, na neno hilo silitumii ovyo.

Tulikuwa tunakaa safu ile ile ya viti, roho mkononi. Kitindamimba wako alifumba macho. Binti yako mkubwa aliuma kucha, yeye ambaye ni mwalimu na huwakataza wanafunzi wake kuuma kucha. Mimi nilishika taulo lako kwa mikono miwili kama linataka kukimbia. Na dada yako, wifi yangu asiyejua kunong'ona, alikuwa akisema, "Tulia hapo. Tulia, mtoto wa mama yangu, tulia," mpaka watu wa safu ya mbele wanageuka. Mwamuzi anasema "Tayari," ukumbi unanyamaza, na kabla hatujameza mate wewe uko hewani peke yako. Halafu inatubidi tukushangilie, maana hujui kilichotokea, na unaogelea vizuri.

Tukirudi nyumbani ulikuwa unasema, "Leo yule mwamuzi alisinzia." Tulikubali. Nani angekubishia wakati nywele zako bado zinachuruzika?

Ingekuwa ni mambo yako peke yako, tungeendelea kucheka mpaka leo. Lakini kulikuwa na Sindano.

Yule msichana mwembamba ulimpa jina hilo kwa jinsi alivyoingia majini bila kurusha tone. Ulimpenda, usikatae, na sisi tulimpenda kwa sababu yako. Yakaja mashindano ya kuchagua timu ya vijana, yale yasiyokuja kila mwaka. Sindano alifika wa kwanza, wa pili yuko mbali. Aliinua uso, akacheka, akamtafuta mama yake kwenye viti. Nyuma yake mkono wa mwamuzi ulikuwa juu.

Mama yake, ambaye ni nesi, alikuwa amekuja na sare zake moja kwa moja kutoka zamu. Alikusubiri mlangoni na hakupaza sauti.

"Kocha," alisema, "mwanangu amejifunza wapi kutangulia filimbi?"

Kisha akaongeza:

"Mashindano haya yakirudi tena, atakuwa na nafasi moja tu kwa umri wake. Akiondolewa na hapo, basi tena."

Jioni ile hukugusa chakula. Nilikukuta karakanani umekaa juu ya jokofu lililolazwa ubavu. "Nimewaambukiza," ukaniambia. "Ila sijui nimewaambukiza vipi. Kila siku nawasihi wasitangulie." Nilikaa karibu yako. Na mimi sikujua.

Jibu lililetwa na jokofu la mwenye bucha. Uliunguza kiganja ukichomelea bomba lake, ukafungwa bendeji, na mazoezini ukashindwa kupiga makofi. Wewe hukuwa unawaanzisha watoto kwa filimbi. Ulikuwa unasema "Tayari," kisha unapiga kofi. Filimbi uliiweka kwa kuwasimamisha tu. Basi ukaniomba nije siku moja niwapulizie filimbi, wewe uwatazame wanavyoruka, nami nikaacha cherehani, nikaja na miwani yangu ya kushonea ikiwa bado puani.

Nikasema, "Tayari." Vyura wakainama. Nikainua filimbi, kumbe kamba yake imenasa kwenye kifungo cha blauzi. Nikaanza kuinasua. Nilipoinua macho vibao vilikuwa vitupu. Watoto wote wako majini wanakwenda, na wewe, kocha mzima, umesimama ukingoni na mguu mmoja ndani ya maji, na kiatu chake na soksi yake.

Hakuna aliyekuwa amesikia chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Walisubiri kwa kadiri uliyokuwa ukiwasubirisha siku zote, kisha wakaondoka. Miaka yote "Tayari" yako na kofi lako vilikuwa na mwendo mmoja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake. Miili yao ilikuwa imeshakariri, na mwili wako ulikuwa umekariri kuliko yote. Mwamuzi akikawia kidogo tu kukuzidi wewe, kikundi chako chote kimeshaondoka, na mwalimu wao yuko mbele.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaacha, ukamtazama Sindano akitoka majini.

"Mama Watoto," ukasema, "kuanzia leo filimbi ni yako. Na usinionee huruma."

Sikukuonea. Kuna wakati nilipuliza papo hapo. Kuna wakati nilisema "Tayari," nikafuta miwani, nikamsalimu mlinzi, nikamuuliza mkewe anaendeleaje, ndipo nikapuliza. Watoto walininunia. Wewe ulipanda kibao cha mwisho pamoja nao, mapaja yanatetemeka, midomo inanisema vibaya bila sauti. Nilikuona. Aliyetangulia alitoka na kurudi kibaoni kuanza upya, na hakuna aliyerudi mara nyingi kama wewe.

Yakafika mashindano yako ya mwisho, ingawa hatukujua kuwa ni ya mwisho. Vyura walikuja wote. Sindano alikaa ubavuni mwangu, magoti yake hayatulii, na nilijua anachowaza: kama Kocha hawezi, yeye ni nani aweze?

"Tayari," mwamuzi akasema.

Uliinama. Ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Nilingoja kukuona hewani, na hukuwa hewani. Niliona misuli ya mgongo wako ikicheza chini ya ngozi, ikikusihi uende. Hukwenda. Filimbi ikalia, daktari wa meno akaondoka, muuza saruji akaondoka, njia zote zikaondoka, na wewe bado umeinama kibaoni peke yako, umeganda.

Dada yako akapanda juu ya kiti. "Nenda sasa, wewe! Imelia!"

Ndipo ukaruka. Ulifika wa mwisho, daktari wa meno ameshavua kofia anajikuna masikio. Hukutazama ubao wa muda. Ulimtazama mwamuzi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mgongoni, na wewe ukapiga maji kwa viganja kama mtoto anayeogeshwa. Vyura walikuzunguka wakitaka kujua ulikuwa unangoja nini. Uliwajibu, "Nilitaka kuhakikisha." Walikutania kwa maneno hayo wiki nzima.

Halafu ukaugua, na ugonjwa ukaja kwa kasi. Wewe ambaye mwili wako haukujua kungoja, ulilazwa ungoje majibu ya vipimo, ungoje daktari, ungoje kitanda cha karibu na dirisha. Sisi tulikaa kwenye benchi la korido, kila mlango ukifunguliwa tunasimama, kila mara anatoka mtu mwenye shughuli nyingine. Mara ya mwisho tulipozungumza sawasawa uliniuliza kuhusu bwawa.

"Vyura wanaendeleaje?"

"Wananichukia."

"Unawakawiza?"

"Mpaka wanataka kulia."

Ulitabasamu. "Na Sindano?"

Ningeweza kukudanganya. Leo ameweza, kesho ametangulia, ndivyo alivyokuwa. "Bado," nilikujibu. Ukanishika kidole, ukasema, "Basi usiiweke chini hiyo filimbi."

Niliiweka chini, Baba Watoto. Baada ya mazishi niliitundika kwenye msumari karakanani, nikafunga mlango. Sikuwa na nguvu ya kusimama mahali uliposimama. Ikawa jioni moja nikasikia hodi, nikamkuta Sindano na mama yake na sare zake za kazi.

"Shikamoo, Mama Kocha," alisema yule mtoto. Nilipoitikia, akatazama viatu vyake, kisha akauliza, "Sasa nani atakuwa anatuchelewesha?"

Nilikwenda kuifuata filimbi.

Sasa tufike Jumamosi iliyopita, maana najua ndiyo unayoitaka. Yale mashindano yamerudi. Tulikaa safu ile ile. Nilikuwa na taulo lako mikononi, sikuambiwa na mtu nilibebe. Mama Sindano alikaa kati yangu na dada yako. Mwamuzi alikuwa mgeni, mtu mrefu asiye na haraka na maisha. Kama angekuwa mwepesi wa kupuliza ningepumua.

"Tayari."

Wakainama. Yule bwana akawatazama njia kwa njia. Kitindamimba wako hakufumba macho safari hii, alinishika mkono akaubana mpaka ukafa ganzi. Dada yako, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alinong'ona: "Tulia, mwanangu." Mwamuzi bado anatazama. Nilianza kuomba kimoyomoyo, nikasahau maneno katikati. Mara msichana wa njia ya jirani akachomoka, akapiga maji, na papo hapo nyuma yake filimbi ikalia. Sikuweza kuona kama Sindano ameondoka na filimbi au na yule jirani. Niliona vibao vitupu tu.

Usiniulize aliogeleaje. Sikuyatazama maji hata mara moja. Nilimtazama mwamuzi, na mkono wake, na mkono ule ukainuka.

Mama Sindano alishusha kichwa mpaka magotini. Binti yako mkubwa ndiye aliyesimama, akafuata kidole cha mwamuzi kinapoelekea, akakifuata tena kuhakikisha. "Si yeye," alisema. "Mama, si njia yake. Ni ya jirani."

Sindano alikuwa ameshika ukuta. Hakutazama ubao wa muda wala hakumtafuta mama yake. Alikuwa anamtazama mwamuzi, kama ulivyofanya wewe, na juu ya njia yake hapakuwa na kitu. Walipotangaza majina ya timu, lake lilikuwamo.

Alikuja kwetu akichuruzika, midomo inatetemeka kwa baridi. Mama yake alimkumbatia na sare zake zikalowa zote. "Jirani yako alipoondoka nikajua umemfuata," alimwambia. "Ulibaki pale unangoja nini?"

Sindano alinitazama mimi, si mama yake.

"Nilitaka kuhakikisha," akasema.

Nikamfunika kwa taulo lako, Baba Watoto. Nililiweka limekunjwa mwaka mzima bila kulifua, na sasa limelowa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, mwenye filimbi; binti yako mkubwa, mwenye kucha fupi; kitindamimba wako, anayeanza kujifunza kuogelea mwezi ujao; dada yako, aliyesoma haya yote na kusema nimempunguza; mwenye bucha, ambaye jokofu lake limekufa kabisa na bado anatuuliza kama utakuja; muuza saruji, daktari wa meno na mwalimu wa hesabu, waliokiacha wazi kibao chako katika mashindano ya mwaka huu; na vyura wako wote, Sindano akiwa wa mbele.

Mungu akupumzishe. Sisi tutakukumbuka daima, tukiwa tumekaa safu ile ile ya viti, tumetulia, mpaka filimbi ilie.