Kwa Nini Nataka Kompyuta Ndogo

Alhamisi, Rangwe. Mawingu yamejazana tangu saa sita na mvua haitaki kunyesha. Joto la mabati limenikaa kichwani, na roho yangu haijatulia kabisa.

Leo ilikuwa lazima nichague. Ouma, yule wa duka la kompyuta kule Homa Bay, alinipa mpaka saa kumi ili vipuri vyangu viingie kwenye oda yake ya Nairobi.

Prosesa haikunisumbua. Memori nimeongeza, maana video ya mazishi moja hapa kwetu ni hotuba za muda wa saa sita, na kila shemeji anataka kuonekana. Kilichonihangaisha ni kadi ya grafiki. Ile ya feni tatu ingenipa gemu zisizokwama, lakini ina urefu wa sentimita thelathini, na kasha la kompyuta ninalotaka linameza ishirini na nne tu.

Ouma alinipigia mara tatu. "Buda, si uchukue tu kasha kubwa? Bei iko chini, hewa inapita. Hiyo ndogo na hizo mabati zenu, itapika ugali."

Nikamwambia meza yangu ni ndogo.

Uongo mtupu. Juu ya meza yangu unaweza kumlaza ndama.

Wacha niseme hapa, maana kwingine nimeshindwa. Nataka kasha dogo kwa sababu nataka kuondoka nalo. Rafiki yangu ana studio Nakuru. Kiti kipo, kazi ya kuhariri ipo, ila kila mtu anakuja na mashine yake. Naanza mwezi ujao. Nimelijua hilo wiki tatu sasa, na Mama hajui.

Na mimi ndiye chogo, kitinda mimba. Kwetu kaka wakubwa hutoka wakajenga kwao, chogo anabaki na mama. Kaka zangu wawili waliondoka bila wasiwasi kwa sababu mimi nipo. Tangu Baba afariki, Mama hagusi chakula cha jioni mpaka anione nimeketi.

Saa tisa na nusu aliniletea chai, akaikuta picha ya kasha kwenye simu. Mama ni mshonaji, cherehani yake iko barazani, na jicho lake huona kipimo kabla ya kukiona kitu chenyewe. Aliitazama ile picha muda mrefu.

"Kama ni ya kukaa nyumbani, mbona imewekwa mkono wa kubebea?"

Nikasema ni ya kwenda nayo kwenye harusi na matanga.

"Huko unaenda na kamera. Kazi ya kompyuta unaifanyia hapa. Unaenda lini, wuoda?"

Wuoda, mwanangu. Huniita hivyo nikiwa mgonjwa.

"Kwenda wapi, Mama?" Hivyo ndivyo nilivyomjibu mzazi wangu, mtu mzima mimi. Aliondoka, na nikajichukia.

Saa kumi kasoro dakika tano nikamwandikia Ouma: kasha dogo, kadi ya feni mbili. Nilikosea herufi mara mbili. Nilituma hivyo hivyo.

Saa kumi na mbili Mama amerudi, futi ya kushonea shingoni, kalamu mkononi.

"Nipe urefu, upana na kimo. Begi za dukani zinaachia mshono njiani."

Nikampa. Aliandika vyote kwenye kipande cha karatasi, akauliza kama waya zitahitaji mfuko wake. Nikasema ndiyo. Nilisubiri aniulize tena ninaenda lini, na safari hii nilikuwa tayari kusema. Hakuuliza. Amekwenda zake barazani.

Sasa naisikia cherehani. Amekwishaanza kushona na mimi bado sijamwambia. Hivi kweli nangoja mpaka begi liishe?