Bahari ya Zacharie na Chumvi ya Ng'ombe

Jumatatu, 2 Mei 2016

Ameondoka. Hatimaye! Mume wangu Zacharie na mdogo wake Hubert wamepanda gari la Mahagi asubuhi, kutoka huko wavuke mpaka, kisha basi la Kampala. Uvimbe wa tumboni alikuwa nao tangu Noeli, ameuficha chini ya shati kama mtu aliyeiba mkate. Daktari wa hapa alimwambia waziwazi: nenda ukapasuliwe. Yeye jibu lake moja tu – na bahari nitamwachia nani?

Bahari! Sanduku la kioo hapo salon, tunapokaa na wageni, limejaa maji ya chumvi. Ndani yake mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa, kreveti mmoja, kamba wa baharini, konokono, na matumbawe ambayo wageni wakiyaona wanauliza nimenunua wapi maua ya plastiki. Mzungu mmoja wa Umoja wa Mataifa, Zacharie alikuwa akimtengenezea jenereta, alimwachia alipomaliza mkataba. Wake za wenzake waliachiwa friji. Mimi niliachiwa bahari.

Aliniapisha kabla ya kupanda gari. Mkono juu ya Biblia, sitanii. "Mama Orly, nikisikia kitu kimoja kimekufa, narudia palepale. Ata kama docteur ameshashika kisu."

Atafanya. Namjua miaka ishirini na mitatu. Basi kazi yangu ni hiyo: bahari iishi mpaka wampasue.

Alhamisi, 5 Mei

Wamefika. Wamempima. Watampasua wiki ijayo, Ijumaa. Hubert analala chini, pembeni ya kitanda chake.

Zacharie amepiga simu. Hakusema habari ya tumbo. "Bahari iko namna gani?" Iko bien, nikamwambia. Na oligo unatia? Natia.

Oligo ni kichupa kile kidogo. Madini ya kila aina, kidogo kidogo mno, matone machache kila asubuhi. Zacharie anayatia akiwa ameshika pumzi, utafikiri padri mbele ya altare. Anasema matumbawe yanakula madini hayo, bila hayo rangi inapotea.

Jioni nikifuta kioo – kiwiko changu! Kichupa chini, pwaa, kwenye sakafu ya saruji. Nimepiga magoti na kitambaa, nikitaka kukamulia tone hata moja kwenye glasi. Nimepata vumbi na unywele.

Sitamwambia.

Ijumaa, 6 Mei

Nimekwenda kwa Musoki sokoni Nyakasanza. Yeye ndiye anayeagiza vitu Kampala, vitenge, sabuni, chochote. Amecheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Dawa ya mawe! Siye Wanande tunauzaka kila kitu, lakini ile bado." Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka, akapiga simu. Kichupa kitakuja na lori. Lini? Mvua imeharibu barabara upande wa Mahagi, malori yamelala kwenye matope. Labda wiki mbili. Labda zaidi.

Wiki mbili bila kula! Nani anaishi?

Jumamosi, 7 Mei

Nimepata! Nacheka peke yangu jikoni.

Baba ameshuka toka Djugu na maziwa yake. Kule kumetulia, anasema, lakini ng'ombe anawalaza karibu na ukuta wa nyumba, na mbwa kamwongeza. Amenunua gunia la chumvi ya ng'ombe, ile ya madini, kaliacha kwenye veranda mpaka apate moto, pikipiki ya kurudi nayo. Nimesoma ubavu wa gunia: iode iko. Zinc iko. Manganèse iko. Cobalt. Majina yaleyale ya kichupa cha Zacharie! Hata cuivre iko, shaba hiyo, ambayo yeye kwenye kichupa chake hana. Chumvi ya baba yangu inamshinda mzungu.

Mimi mtoto wa wafugaji, nilisahauje? Ng'ombe akinyong'onyea, manywele yamesimama, baba anayeyusha chumvi kwenye maji ya vuguvugu, anachuja, anaonja kwanza yeye mwenyewe, ndipo ng'ombe anakunywa. Siku chache tu ng'ombe anang'aa. Sasa hayo matumbawe ni nini? Mifugo. Mifugo isiyotembea.

Nimeyeyusha. Nimechuja kwa kitambaa cheupe. Nimeonja. Nimetia kikombe kimoja cha kahawa, polepole, nimeshika pumzi.

Jumapili, 8 Mei

Samaki wanarukaruka! Wamekula kupita jana. Nimetia kikombe kingine kabla ya misa. Kanisani nimeimba kwa sauti mpaka Mama Agathe wa kwaya akageuka kuniangalia.

Nimempigia Zacharie picha ya samaki. Amefurahi. Hubert anasema ametembea mpaka dirishani.

Jumanne, 10 Mei

Konokono wameanguka. Wote. Jana nilitia kikombe cha tatu, leo asubuhi wako chini kwenye mchanga, miguu juu – kama konokono ana miguu. Nimemtoa mmoja, nimemnusa. Ee Mungu.

Nimejiambia ni wazee. Konokono naye anazeeka.

Jumatano, 11 Mei

Kreveti amekufa. Matumbawe yamejifunga, yamejikunja, mengine yanatoa ute mweupe. Hakuna hata moja lililonyoosha kidole. Samaki tu wanaogelea kama watu waliotoka harusini.

Zacharie kapiga. Nimejikaza. Nimemuuliza kwa mzunguko – hivi oligo ikiisha siku moja, kabla mpya haijafika, mtu anafanya nini?

"Hafanyi kitu. Ata mwezi mbili bila oligo haina shida, ile iko kama dessert. Mutu asiongeze tu kitu hajue. Zaidi cuivre! Cuivre kidogo tu, inamaliza konokono, inamaliza kreveti, kisha matumbawe. Samaki peke banabakia banacheza. Juu ya nini unaniuliza?"

Bure tu, nikasema. Nikakata nikisingizia mtandao.

Miezi miwili! Dessert! Ningekaa tu na kidole kinywani, ningekaa tu, yote yangekuwa mazima. Ningemuuliza Alhamisi ile ile, angenigombeza kidogo na yangekwisha. Mimi nimewanywesha sumu kwa kikombe. Kwa mkono wangu. Nikiimba.

Nimekwenda veranda. Nimepiga lile gunia teke mpaka mguu umeniuma. Baba, matope bado yanamzuia kurudi Djugu, alikuwa amekaa pale akivuta kiko chake, kaniuliza gunia limenitukana nini.

Alhamisi, 12 Mei

Sijakaa chini leo. Nimetoa maji kwa bidoni, nimechanganya mapya na chumvi ya bahari iliyobaki kwenye ndoo ya Zacharie. Haikutosha nusu. Mtu wa duka la madawa kaniambia makala, makaa haya ya kupikia, yanavuta sumu, basi nimeponda makala ya jikoni, nimeosha, nimejaza soksi za Zacharie, nimezitundika penye pompi inayozungusha maji. Soksi nne nyeusi zinacheza kwenye maji. Ndivyo bahari yangu ilivyo sasa.

Baba nimemweleza. Amegonga kiko chake, majivu yamedondoka. Kisha: "Ng'ombe anachagua chumvi kwa ulimi. Hii mawe ya bwana yako haina ulimi, itakataa namna gani?" Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu.

Hubert kapiga jioni. Upasuaji wa kesho umesogezwa – daktari mpasuaji ameitwa kwingine. Sasa Jumatano, tarehe 18. Nimepiga kelele kwenye simu, jirani kaja kuuliza nani amekufa.

Bado siku zote hizo nidanganye!

Jumamosi, 14 Mei

Tumbawe la zambarau limekufa. Nyama yake imetoka kama ngozi ya maziwa, imebaki mifupa myeupe. Lile kubwa lenye vidole vya njano, hivyo hivyo. Maji yananuka. Nimefungua madirisha, nimewasha ubani, nimewaambia wageni ni panya.

Sikujua kwamba nitalia. Miaka mitano nimelisema lile sanduku. Linakula umeme wa sola wakati mimi napiga pasi ya makala! Lakini asubuhi Zacharie akiwasha taa yake ya buluu, anasimama pale na kikombe cha chai, uso umelainika, anasahau mambo yote ya vita aliyoyaona. Mimi nilikuwa nampenda akisimama pale. Basi nimeandika.

Amedai picha. Sio samaki, anasema, matumbawe. Nimechimba kwenye simu, nimepata moja ya zamani, nzuri, yote yamefunguka. Nimetuma.

Hajajibu.

Jumapili, 15 Mei – Pentekoste

Kimya. Nimepiga mara nyingi. Simu ya Zacharie imezimwa. Hubert anasema amelala, anasema yuko sawa. Hubert hajui kudanganya, sauti yake inapanda juu kama ya msichana.

Jumatatu, 16 Mei

Ametoroka hospitali!

Hubert kapiga analia. Ile picha – tumbawe la kijani lilikuwa na vichwa vitatu. Zacharie alikata kimoja mwezi wa pili, akakibandika kwenye jiwe lingine. Aliiona mara moja. Jana jioni Hubert katoka kununua mkate, karudi, kitanda kitupu, juu ya mto karatasi yenye habari hiyo ya picha. Hubert alifikiri atamkuta kituo cha basi, ndiyo maana hakuniambia. Basi la Arua, la kuja huku mpakani, lilikuwa limeshaondoka. Leo jioni atakuwa Mahagi. Kesho hapa. Na tumbo lile, kwenye barabara ile!

Nimeuliza daktari anasemaje. Hubert amelia zaidi. Uvimbe umekua. Atamshikia nafasi mpaka Ijumaa, baada ya hapo anasafiri, na uvimbe ule hausubiri arudi. Basi Zacharie akifika kesho na kugeuza Jumatano, anawahi. Akikaa siku mbili kuosha mawe – basi.

Na atakaa. Namwona kabisa. Atavua shati, atapiga magoti, mkono mmoja ndani ya maji na mwingine tumboni, atasema kesho Mama Orly, kesho naenda, acha kwanza niokoe hili moja.

Nilidanganya ili apasuliwe. Uongo wangu ndio uliomtoa kitandani.

Jumanne, 17 Mei

Musoki amekuja asubuhi. Nimemwambia yote. Hajacheka safari hii. Amezunguka sanduku, ameziba pua, kisha kaniuliza swali moja. "Mayi ikiisha, atabakia kulinda nini?"

Iishe namna gani, nimeuliza.

"Mwaga mayi yote, Mama Orly. Toa mawe, weka inje kwa jua. Akute kavu. Atakukasirikia, atakutukana, ni sawa. Lakini atapanda gari kesho. Mutu hawezi kukaa juu ya sanduku ya bule."

Amechukua samaki wawili kwenye ndoo ya maji ya chumvi yaliyobaki. Anasema atawapepea mwenyewe kwa mkono usiku kucha kama watahitaji hewa. Amekwenda nao Nyakasanza kichwani, maji yakimdondokea shingoni.

Nimetoa mawe madogo. Mifupa yote. Nimeyapanga uani, baba kanisaidia. Limebaki lile jiwe kubwa la katikati, mimi na baba hatukuweza kulitikisa. Nimeweka tuyo, mpira wa kutolea maji, upande mmoja ndani ya maji, upande mwingine nje dirishani kwenye majani. Nimeinama ili nivute maji yaanze kutoka.

Ndipo nimeliona. Nyuma ya jiwe kubwa, chini, lile la kahawia ambalo hata Zacharie hakujali. Limefunguka. Si kidogo – limefunguka lote, vidole vyake vyote nje, vinapunga kwenye maji yale machafu, vinatafuta. Siku saba nimepiga magoti hapa nikiomba liwepo moja tu! Moja tu Bwana, nilisema, nimwonyeshe. Na Bwana akanipa leo. Leo!

Haling'oki. Limeshika jiwe kama limezaliwa nalo. Nimejaribu kwa kisu, likajikunja, nikaacha. Nikashukuru kwamba nimeacha. Kisha nikajichukia kwa kushukuru.

Zacharie akiliona hili, hatoki ndani ya nyumba hii.

Baba amesimama mlangoni. Nimemwambia vuta wewe baba. Amekataa kwa kichwa. "Mufugo wako."

Nimekaa chini, tuyo kwenye magoti, naandika ili mkono uwe na kazi nyingine. Limefunguka tena. Maji ni ya vuguvugu, taa ya buluu inawaka. Ni zuri, jamani. Jinga hili ni zuri.

Moto imeingia barabara yetu. Imesimama. Nasikia sauti yake, anamwomba yule wa moto amshushe taratibu, asimguse tumboni. Baba ametoka kwenda kufungua lango, anatembea polepole, polepole mno, ananipa nafasi. Nimeshika tuyo karibu na mdomo. Nimelitazama mara ya mwisho. Naweka kalamu