Maji ya Kikwe, Meno ya Wanangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimejaza madumu manne kabla maji ya bomba hayajakatika. Elia mgongoni, analia. Sketi tatu za shule zimekatwa, sijashona hata moja. Mchana nimempokea Aneth stendi, amekuja likizo kutoka Machame kwa mama yangu. "Shikamoo mama," kama anamsalimia mgeni. Imeniuma.

Kisha akacheka na pacha wake, Neema, nikaona. Mwaka jana wote wawili walikuwa na mapengo. Sasa meno ya ukubwani yameota. Ya Aneth meupe. Ya Neema ya kahawia, yana madoa mpaka karibu na ufizi. Tumbo moja, siku moja. Aneth aliondoka hapa Kikwe akiwa na miezi mitatu. Neema hajawahi kuondoka.

Jumatano, 5 Juni
Majirani wanapita kuwaangalia pacha. Wanajifanya wanaomba chumvi.

Mama mkwe hana wasiwasi. "Hayo ndiyo meno ya Wameru. Hata ukiwa Dodoma unamjua mtu wa nyumbani." Anajivunia kweli. Mimi siwezi, nilizaliwa Machame.

Elia ametimiza miezi mitano leo. Mwezi ujao ataanza uji. Uji ni maji.

Ijumaa, 7 Juni
Mjini, kwa daktari wa meno. Nimewapeleka wote watatu. Dada mmoja mpole. Anasema jino la ukubwani huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mchanga, na hujengwa kwa kile anachokunywa. Maji ya upande wetu yana floraidi nyingi, yanaitoa kwenye miamba ya mlima, nayo ndiyo inayotia meno madoa. Magadi tunayolainishia makande nayo ni hivyo hivyo. Meno ya Neema hayatakuwa meupe kamwe.

Nikamwambia mimi nachemsha kila siku. Akasema kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Miaka tisa nachemsha. Nilijiona mama makini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepika makande bila magadi. Mahindi yamekuwa magumu. Mama mkwe amesukuma sahani. Nilitaka kupiga kelele, nikaenda kuosha sufuria.

Nimemwambia Elisante kwamba Elia naye aende Machame. Akachukua mundu. Mume wangu akikasirika huenda kumkatia ng'ombe majani ya migomba. Amekata mpaka ng'ombe ameshindwa kumaliza.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani. Sijasikia mahubiri. Nilikuwa naangalia vinywa vya kwaya.

Jumanne, 11 Juni
Nimemkuta Neema nyuma ya jiko, ameshika waya wa kusugulia sufuria na mchanga. Mdomo wote damu. Nimemnyang'anya. Nikamwambia, "Mwanangu, huo si uchafu."

"Najua. Nilijaribu tu."

Nikampa maji ya chumvi asukutue. Akatema, akaniuliza, "Mama, kwa nini mlimchagua Aneth?"

Nikamweleza. Nilikuwa naumwa, maziwa hayatoshi. Aneth alikuwa mdogo sana, bibi akamchukua amlee. Yeye alikuwa na nguvu, nikabaki naye.

"Kwa hiyo ningekuwa dhaifu ningekuwa na meno meupe."

Aneth alikuwa amesimama mlangoni, kumbe alisikia yote. Akasema taratibu, "Lakini wewe umekaa na mama."

Nimelia mbele yao. Sijawahi.

Jumatano, 12 Juni
Elia haendi popote. Sitamgawa mtoto mwingine. Nimemwambia Elisante asubuhi, bado anafunga viatu. "Basi tutafute maji," amesema, akatoka. Ndiyo hivyo tu. Nimemkasirikia kutwa nzima.

Cherehani sijaigusa.

Jumamosi, 15 Juni
Elisante amerudi na ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ya juu imejaa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ndio unaonasa floraidi, na ukichoka unabadilishwa. Siku zote hizi alikuwa anaulizia, hakuniambia kitu. Maji yanadondoka tone tone kwenye ya chini. Mama mkwe ameshika kiuno: "Mtoto anyweshwe mifupa?" Elisante akaongeza maji.

Nakagua ile ndoo kila mara. Siiamini, lakini sina nyingine.

Alhamisi, 27 Juni
Neema hajagusa tena ule waya. Nauficha hata hivyo. Jana aligombana na Aneth kuhusu kitana, ugomvi wa kawaida kabisa. Nilifurahi, nikawagombeza wote.

Ijumaa, 5 Julai
Baridi. Mlima hauonekani.

Aneth anaondoka Jumapili. Ameomba ahamie huku. Sijui nitamwambiaje mama yangu, aliyemlea miaka yote hii.

Nimeamka nimechelewa, nikamkuta mama mkwe jikoni ameshapika uji wa Elia. Nikaangalia ile ndoo ya chini: maji yaliyochujwa yamepungua. Mama mkwe akampakata mjukuu wake, akapuliza kijiko, anamsemesha kwa Kimeru. Cha kwanza Elia alitema. Cha pili akameza.